Shamba la Marehemu Hugawanywaje?

Mkulima amekufa bila kuacha wosia. Shamba lake ni eka 10, na wake zake ni wawili. Mke mkubwa ana watoto watatu, mke mdogo ana watano. Je, kila nyumba ipewe eka tano?

Zamani jibu lilitegemea kabila na dini ya marehemu. Waafrika walifuata mila zao, Waislamu sheria yao, Wahindu yao na Wazungu yao. Mwaka 1967 Serikali iliweka Tume kuchunguza jambo hili, nayo ikatoa taarifa mwaka 1968. Bunge lilipitisha Sheria ya Urithi mwaka 1972. Lakini usidhani ilianza kazi siku hiyo! Ilianza tarehe 1 Julai 1981. Mtoto aliyezaliwa Tume ilipowekwa alikuwa sasa kijana wa kuchunga ng'ombe peke yake.

Kwa sheria hiyo huhesabiwa watoto wote, wa kiume na wa kike, na kila mjane huongezwa kama mtu mmoja katika nyumba yake. Basi nyumba kubwa ina watu wanne, nyumba ndogo sita. Ni eka nne kwa eka sita.

Wazee wengine hunung'unika kwamba binti aliyeolewa atalipeleka shamba kwa mumewe. Ardhi haina miguu, wazee wetu.

Tena jihadharini: anayeuza ng'ombe au kukata miti ya marehemu kabla ya kupata idhini ya mahakama aweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Kwanza pateni barua ya chifu inayotaja warithi wote, ndipo mwende mahakamani.

Sheria yenyewe imerekebishwa mara kadhaa. Mwaka 1990 urithi wa Waislamu ulirudishwa kwenye sheria ya dini yao, na mwaka 2021 yalifanywa mabadiliko mengine. Tangu mwaka 1982 iko Tume ya kudumu ya Kurekebisha Sheria, ambayo kazi yake ni kuzipitia sheria za nchi. Na Katiba ya mwaka 2010 hulilazimu Bunge kuwapa wananchi nafasi ya kushiriki linapotunga sheria. Ukisikia tangazo kwamba Sheria ya Urithi inarekebishwa tena, mwandikie Karani wa Bunge maoni yako, kwa Kiswahili ukipenda, kabla ya siku iliyotajwa kupita.