Upepo uliwalipa wakulima wa Denmark, sasa ng'ombe anadaiwa kodi

MWAKA 1973 bei ya mafuta ilipopanda ghafla duniani, Denmark iliumia vibaya. Karibu asilimia 90 ya nishati yake ilitokana na mafuta, tena ya kununua nje.

Leo hali ni nyingine. Mwaka 2023 upepo ulitoa zaidi ya nusu ya umeme wa nchi hiyo. Lengo la serikali ni kwamba ifikapo mwaka 2045 Denmark isitoe hewa ukaa kuliko kiasi kinachofyonzwa na misitu na ardhi yake.

Safari hiyo ilianzia vijijini. Vestas, ambayo leo ni miongoni mwa kampuni kubwa za mitambo ya upepo duniani, zamani ilitengeneza vyombo vya jikoni na vifaa vya kupozea maziwa. Iliuza mitambo yake ya kwanza ya upepo mwaka 1979.

Mwaka huohuo serikali ilianza kumlipia mnunuzi asilimia 30 ya bei ya mtambo. Wakulima, waliokwishazoea ushirika wa maziwa na machinjio, walichangishana fedha na majirani zao, wakauza umeme na kugawana mapato kwa hisa. Kufikia mwaka 2000 kaya zaidi ya 100,000 zilikuwa na hisa za aina hiyo.

Mfano mzuri ni kisiwa cha Samsø, kilichochaguliwa mwaka 1997 kuonyesha kuwa jamii inaweza kujitegemea kwa nishati. Kati ya mitambo 11 iliyojengwa nchi kavu, tisa ilimilikiwa na wakulima na miwili na wanahisa wadogo. Faida ilibaki kisiwani.

Baada ya upepo ikafuata samadi. Malori huikusanya kutoka mashamba mengi na kuipeleka kwenye matangi yasiyoingiza hewa, ambako vijidudu huichachua na kutoa gesi. Gesi husafishwa na kuingizwa katika mabomba ya taifa, ambako sehemu yake imekaribia asilimia 40. Masalia humrudia mkulima kama mbolea ambayo mimea huifyonza kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo, neema hiyo sasa imekuja na ankara. Ng'ombe anapocheua hutoa gesi ya methani, na gesi hiyo haipungui kwa kujenga mitambo ya upepo. Ndiyo maana mwaka 2024 serikali, vyama vya wakulima na watetezi wa mazingira walikubaliana kuhusu kodi ya gesi zitokanazo na mifugo.

Kodi hiyo itaanza mwaka 2030 kwa kroni 300 kwa tani, sawa na dola 40 hivi za Marekani, na kufikia kroni 750 mwaka 2035. Kwa kuwa kuna punguzo la asilimia 60, mkulima wa kawaida atalipa kroni 120 mwanzoni na 300 baadaye. Punguzo hukokotolewa kwa wastani wa kila aina ya mfugo, hivyo anayebadili chakula cha ng'ombe au kutunza samadi vizuri atalipa kidogo, na mzembe atalipa zaidi.

Wakati huohuo mlango wa hisa umekuwa mwembamba. Sheria ya mwaka 2008 iliwataka wenye miradi ya upepo kuwauzia wakazi wa jirani angalau asilimia 20 ya hisa. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 2020, na badala yake majirani hulipwa bonasi ya kila mwaka. Bonasi ni fedha, lakini haimpi mtu sauti ya mwenye mali.

Hapo ndipo penye somo kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo popote alipo. Mradi wa nishati ukifika kijijini, swali la kwanza lisiwe fidia ya shamba ni kiasi gani, bali hisa zitakuwa za nani. Fidia hulipwa mara moja ikaisha, ilhali upepo huvuma kila mwaka.