Hewa Katika Klachi: Namna ya Kuitoa Wenyewe



Katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilaya ya Nchelenge, yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya ndugu zetu waliotoka Kongo, na katika vijiji vya ufuko wa Ziwa Mweru, pikapu moja kuukuu inaweza kulisha nyumba tatu: ya mwenye gari, ya dereva na ya mpakiaji. Hiyo ndiyo inayopeleka mihogo na chisense sokoni Kashikishi. Ikisimama, wote wamesimama. Tena kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, mvua zinanyesha na fedha ni adimu. Huo si wakati wa kulipia matengenezo yasiyohitajika.

Leo tunaeleza jambo moja ambalo huwagharimu madereva wengi bure, yaani hewa katika klachi. Waliojifunza udereva Kongo huiita ambrayaji. Dereva huona gia hazingii, akaambiwa klachi yote imekufa, giaboksi ishushwe na sahani mpya inunuliwe. Analipa. Kumbe ilikuwa hewa tu ndani ya paipu, ambayo chupa moja ya mafuta ya breki na kazi ya saa moja ingeiondoa.

KLACHI INAFANYAJE KAZI?

Katika magari mengi, unapokanyaga pedali unasukuma pampu ya juu. Pampu hiyo inasukuma mafuta katika paipu hadi pampu ya chini, iliyo ubavuni mwa giaboksi. Pampu ya chini inasukuma mkono unaoachanisha injini na gia. (Magari mengine hutumia waya badala ya mafuta, hayo hayahusiki hapa.)

Mafuta hayashindiliki, lakini hewa inashindilika. Chukua pampu ya baiskeli, uzibe tundu kwa kidole, kisha sukuma. Mpini utaingia ingawa hewa haikutoka. Ijaze maji ufanye vilevile, mpini utagoma. Basi hewa ikiingia katika paipu ya klachi, nguvu ya mguu wako inaishia kuishindilia hewa, na pampu ya chini inasogea kidogo tu. Klachi haiachii vizuri, gia zinalia.

UTATAMBUAJE?

Pedali ikiwa laini na kuzama, gia ya kwanza na ya nyuma zikiwa ngumu kuingia, lakini ukikanyaga haraka mara tatu zinaingia, shuku hewa. Pedali ikiwa ngumu kama kawaida, injini inanguruma lakini gari halipandi mlima, huenda sahani imekwisha. Kutoa hewa hakutasaidia.

Pia jiulize: hewa iliingia wapi? Paipu nzima haivuti hewa. Tazama pampu ya juu kwa ndani, nyuma ya pedali. Tazama maungio yote. Funua mpira wa vumbi wa pampu ya chini. Ukikuta umajimaji, raba ya ndani imekatika, nayo ibadilishwe kwanza. Ukitoa hewa bila kuziba panapovuja, itarudi.

VIFAA

Mafuta mapya ya breki kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la gari, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Chupa iliyokaa wazi siku nyingi imekwisha kunyonya unyevu wa hewani. Usitie mafuta ya injini wala dizeli. Yanavimbisha na kuharibu raba zote. Tafuta pia spana inayoenea sawasawa, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa tupu, kitambaa na mwenzako mmoja.

KAZI YENYEWE

1. Simamisha gari mahali tambarare. Zima injini, toa ufunguo, vuta breki ya mkono, weka gia huru, kisha weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ikiteleza, hakuna wa kukurudisha kwa watoto wako.

2. Jaza kopo la mafuta. Katika baadhi ya magari kopo hilo ni moja na la breki. Likikauka, hewa itaingia hadi kwenye breki.

3. Futa vumbi kwenye skrubu ya kutolea hewa, juu ya pampu ya chini. Vika mpira juu yake, na ncha ya pili izame ndani ya mafuta kidogo katika chupa.

4. Mwenzako akanyage pedali polepole hadi chini na kusema, "Nimeshika." Hapo legeza skrubu nusu mzunguko. Mafuta yatatoka pamoja na mapovu.

5. Funga skrubu, halafu sema, "Achia." Pedali isiachiwe kabla skrubu haijafungwa, maana itavuta hewa upya. Ikibaki chini, ainyanyue kwa mkono.

6. Rudieni hivyo. Kila baada ya mara tano ongeza mafuta katika kopo. Endeleeni mpaka mafuta yatoke safi bila povu hata moja.

7. Kaza skrubu kwa kiasi. Ni ndogo na hukatika. Jaza kopo hadi alama, funga kifuniko.

8. Kabla ya kujaribu gari, asiwepo mtu mbele wala nyuma. Klachi isiyoachia inaweza kurusha gari mara gia inapoingia. Ondoa mawe, washa injini gia ikiwa huru, mguu kwenye breki, ndipo ukanyage klachi na kuingiza gia.

TAHADHARI

Mafuta haya ni sumu. Yakiingia machoni, osha kwa maji mengi. Yakidondoka kwenye rangi ya gari, mwagia maji mara moja. Yaliyotoka usiyarudishe kwenye kopo, usiyamwage kisimani wala ziwani, na kamwe usiyaache katika chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuinywa.

GARI LA MWAJIRI

Ndugu zetu mnaoendesha matrekta na magari ya mashamba na viwanda, maelezo haya si ruhusa ya mwajiri kuwafanya mafundi wa bure. Chombo chake ni wajibu wake kukitengeneza. Ukiona pedali inazama, toa taarifa siku ileile kwa maandishi, weka tarehe na ubaki na nakala. Giaboksi ikivunjika baadaye na ukaambiwa utakatwa mshahara, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako; ilete kwa mwakilishi wa chama kabla hujatia sahihi yoyote.

Mfanyakazi anayekijua chombo chake si rahisi kudanganywa, gereji wala ofisini. Uliyesoma, msomee na mwenzako asiyejua kusoma.