Tanuri la kusubu halikandikwi kwa saruji

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo mkaa unaopulizwa kwa feni hulifikia bila taabu. Basi wanaoanza kusubu nyumbani humalizia akili yao yote kwenye feni, na ukuta wa ndani ya pipa la tanuri wakausiriba kwa saruji na mchanga kama sakafu ya bafu. Moto wa kwanza hupita salama. Baada ya hapo ukuta huanza kumeguka.

Saruji hukaza kwa kuyafunga maji ndani yake. Joto likipita nyuzi 500 hivi, maji hayo huachia, na sehemu ya saruji hubaki chokaa hai. Tanuri likipoa, chokaa hunyonya unyevu wa hewani na kuvimba. Ukuta unaweza kupasuka hata siku ambayo hakuna aliyewasha moto. Mchanga nao una vituko vyake: ukifika nyuzi 573, chembe zake hutanuka ghafla.

Kinachostahimili ni kaolini, udongo mweupe kama wa vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam. Ukichujwa mchanga wake, hauyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,700. Ila ukikandikwa peke yake hunywea na kuchanika, kwa hiyo uchanganye na vigae vya vyungu vilivyopondwa. Hivyo vilishanywea motoni, havinywei tena. Wafua chuma wa Buhaya walichagua udongo wa kichuguu kwa tanuri zao, na hawakukosea.

Maji yawe kidogo: fumba konzi, ukifumbua libaki donge lisilong'ang'ania kiganjani. Shindilia kwa rungu. Jivu la kuni lizuie joto nyuma ya ukuta, lakini usilichanganye na udongo unaotazama moto, kwani huuyeyusha mapema.

Kisha kausha, na hapa ndipo wengi hukosa subira. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600; yakibanwa ndani ya ukuta, hurusha vipande. Acha tanuri kivulini siku kadhaa, halafu weka makaa machache yaliyokwisha kushika, bila feni, saa nyingi. Pitisha kioo juu ya mdomo wake. Kikipata ukungu, bado.

Hata siku ya kumimina, weka kalibu juu ya mchanga mkavu. Sakafu ya saruji huficha maji, na alumini ikiidondokea huruka hadi usoni.