Juu ya Maneno "Hukumu ya Muhtasari" Katika Mashauri ya Madai

Neno muhtasari, lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni maelezo yaliyofupishwa. Huko Kivukoni, kando ya mto Kilombero karibu na Ifakara, kama katika vijiji vingi vya Tanzania, neno hilo husikika zaidi katika ofisi ya kijiji, ambako muhtasari ni maandishi ya yale yaliyosemwa mkutanoni. Basi mkulima wa huko akiambiwa kwamba ameombewa "hukumu ya muhtasari", huenda akadhani kuwa shauri litasikilizwa kama ilivyo desturi, kisha hakimu ataandika hukumu fupi. Dhana hiyo yaweza kumpotezea shamba.

Kinachofupishwa si hukumu, bali ni njia ya kuifikia. Katika shauri la kawaida mdaiwa hujibu madai kwa haki yake mwenyewe, wala haombi idhini ya mtu. Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 huugeuza utaratibu huo. Shauri likihusu hundi, hati ya ahadi ya kulipa, rehani, au madai mengine yaliyotajwa humo, mdaiwa hana ruhusa ya kujitetea mpaka aiombe mahakama na kuipata. Ombi lake hutegemezwa na hati ya kiapo yenye kuonyesha hoja ya kweli ya utetezi. Mahakama yaweza kumruhusu bila sharti, au kwa sharti la kuweka fedha au dhamana. Asipoomba, yaliyoandikwa katika hati ya madai huhesabiwa kuwa ameyakiri, na mdai hupewa hukumu. Akinyamaza nyumbani akingoja siku ya kusikilizwa, siku hiyo haitakuja.

Asili ya utaratibu huu ni malalamiko ya wafanyabiashara wa Uingereza, waliochoshwa na wadeni waliobuni utetezi wa uongo ili kuchelewesha malipo; ndipo ikatungwa sheria ya mwaka 1855. Uliingia katika sheria ya India ya mwaka 1908, iliyotumika Tanganyika kabla ya ile ya 1966. Mahakama za Mwanzo, zenye kanuni zao wenyewe, hazimo.

Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, jambo hili si la wafasiri peke yao. Wengine husema "hukumu ya mkato". Hili ni afadhali, kwa kuwa kukata shauri ni Kiswahili cha tangu zamani. Lakini njia ya mkato hunukia hila kidogo, na bado mdaiwa haambiwi la kufanya. "Shauri la kujitetea kwa ruhusa" ni refu zaidi, tena halipendezi sana sikioni. Hata hivyo, anayelisoma katika wito wa mahakama hujua mara moja kwamba kuna ruhusa ya kuombwa.