Rovu: Kisu au Sindano?

Hapa Kasapa watu wakiona jirani mwenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, husema upesi: “Apelekwe akapasuliwe.” Shauri hilo si baya, ila lina haraka.

Tezi hiyo yahitaji iodini, na kidogo mno: kijiko kimoja cha chai chamtosha mtu maisha yake yote. Ikikosa, hujitahidi kupita nguvu zake, ikavimba.

Mfano mashuhuri umo nchini mwetu, kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu. Miaka ya 1960 waganga Wabelgiji, Delange na Ermans, walikuta kaskazini yapata nusu ya watu wana rovu, na kusini-magharibi wachache tu, ingawa iodini ilipungua pande zote mbili. Wakaushuku muhogo. Muhogo usiolowekwa vema una sumu ambayo, ikiisha kugeuzwa mwilini, huizuia tezi isipate hata ile iodini kidogo iliyopo. (Enyi mpendao bukari ya muhogo, msiiache, lowekeni siku za kutosha.)

Kisu chafaa rovu likiwa kubwa hata kubana pumzi. Lakini nyuma ya tezi hiyo zimo nyingine nne, ndogo kama punje za mchele, zitawalazo kalisi ya damu. Zikikatwa nayo, mikono ya mgonjwa hukakamaa. Tena Kocher wa Bern, mpasuaji aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1909, alikuwa ametangaza mwaka 1883 kwamba wagonjwa aliowaondolea tezi nzima walidhoofika akili na mwili. Leo wa namna hiyo humeza vidonge vya homoni siku zote.

Sindano je? Mafuta yenye iodini, yakidungwa mara moja msulini, huitoa polepole kwa miaka mitatu au zaidi. Yalijaribiwa Idjwi kwenyewe. Rovu changa hupungua. Kuukuu lenye mafundo halisikii, na pengine tezi huchochewa ikafanya kazi kupita kiasi. Lakini faida yake kubwa haionekani shingoni. Mama akipungukiwa sana na iodini, mtoto aweza kuzaliwa bubu, mpungufu wa akili. Na akili iliyoharibika tumboni hairudishwi na mpasuaji yeyote. Ndiyo sababu mama adungwe kabla ya kuchukua mimba.

Siku hizi, mahali pengi, chumvi iliyotiwa iodini imeshika nafasi ya sindano. Iwekeni katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na kuitia chunguni chakula kikiwa karibu kuiva.