Behewa lililodumu miaka sitini

Juma hili, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya behewa. Injini ndiyo hupigwa picha na kusifiwa, lakini maisha yetu tunayaweka ndani ya behewa. Nimechagua behewa la abiria la India liitwalo ICF, kwa sababu historia yake ina somo kwa kila nchi inayonunua treni, na zetu zimo.

India ilipopata uhuru mwaka 1947 ilirithi reli ndefu na mabehewa yaliyochakaa. Mengi yalikuwa na fremu ya chuma chini, na juu yake mwili wa mbao, kama sanduku lililowekwa juu ya mkokoteni. Fremu ndiyo iliyobeba kila kitu, na sanduku lilikuwa mzigo tu. Ajali ilipotokea mbao zilivunjika vipande vipande, na vipande hivyo vikawachoma abiria kama mikuki.

Mwaka 1949 India ilitia saini mkataba na kampuni moja ya Uswisi yenye kiwanda chake Schlieren, karibu na Zürich. Waswisi walikuwa na behewa la namna nyingine. Sakafu, kuta na paa viliunganishwa kwa kuchomelewa vikawa kitu kimoja, na vyote vikagawana mzigo. Chukua mkebe wa bati uliofungwa, ujaribu kuupinda. Bati lenyewe ni jembamba, lakini mkebe mzima unakupinga. Ndivyo behewa hilo lilivyokuwa jepesi na imara kwa wakati mmoja.

Jambo kubwa katika mkataba ule ni kwamba India haikutaka kununua mabehewa peke yake. Ilitaka kufundishwa kuyatengeneza. Tarehe 2 Oktoba 1955, siku ya kuzaliwa kwa Mahatma Gandhi, Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alifungua kiwanda huko Perambur, katika mji wa Madras, ambao leo ni Chennai. Kiwanda kiliitwa Integral Coach Factory, na kifupi chake, ICF, kikawa jina la behewa lenyewe.

Behewa hilo lina urefu wa mita 21 na kitu. La daraja la kulala lisilo na kiyoyozi hubeba vitanda 72. Upande mmoja wa ujia, vitanda vitatu vinapandana na kutazamana na vingine vitatu, na upande wa pili viko viwili, kimoja juu ya kingine. Kile cha katikati usiku hutundikwa kwa minyororo, na mchana hushushwa kikawa egemeo la mgongo. Kwa miaka mingi umeme wa taa na feni ulitoka kwenye dainamo iliyofungwa chini ya behewa na kuzungushwa kwa mkanda kutoka kwenye ekseli. Treni ikisimama, betri hushika zamu.

Kwa nini lilidumu? Kwa sababu lilikubali kazi yoyote. Umbo lilelile liliwekwa viti, vitanda, viyoyozi au jiko. Karakana za reli kote India zililijua skrubu kwa skrubu. Treni ya Rajdhani, iliyoanza kwenda kati ya Howrah na New Delhi mwaka 1969 kwa muda wa kama saa 17, ilitumia mabehewa ya aina hiyo. Kiwanda cha pili kilijengwa Kapurthala katika miaka ya 1980. Perambur ikauza mabehewa hata nje, Tanzania na Uganda zikiwa miongoni mwa wanunuzi.

Lakini kila chombo kina upungufu wake, na wa behewa hili ulikuwa pale linapokutana na mwenzake. Mabehewa yaliunganishwa kwa ndoano na skrubu, na kando yake visukumio viwili vya duara. Muungano huo huvuta vizuri. Treni ikitoka relini au ikigongwa, hauwezi kuyazuia mabehewa yasipandane, au moja lisiingie ndani ya jingine kama vikombe vinavyopangwa. Na waliomo ndani ni watu.

Tarehe 20 Agosti 1995, karibu na Firozabad, treni moja iligonga kwa nyuma nyingine iliyokuwa imesimama baada ya kugonga ng'ombe. Zaidi ya watu 300 walikufa. Agosti 1999, huko Gaisal, treni mbili zilikutana uso kwa uso, wakafa zaidi ya 280. Tuwe waadilifu: mgongano wa namna hiyo ungevunja behewa lolote. Hata hivyo, wahandisi walijua kwamba muungano bora ungepunguza vifo.

Muungano huo ulikuwepo. Katika miaka ya 1990 India iligeukia behewa la LHB la Ujerumani, la chuma kisichoshika kutu. Yake huungana katikati kwa kiungo kinachoshikana kama viganja viwili, na hayapandani kwa urahisi. Mwaka 2012 kamati iliyoongozwa na Anil Kakodkar ilishauri utengenezaji wa ICF ukomeshwe. Lakini LHB ni ghali zaidi, na mitambo ya zamani ilikuwa bado inazalisha. Novemba 2016, Pukhrayan, karibu na Kanpur, treni yenye mabehewa ya ICF ilitoka relini, wakafa watu wapatao 150. Behewa la mwisho la ICF lilitoka Perambur Januari 2018. Ajizi nyumba ya njaa, na katika reli ajizi ni nyumba ya msiba.

Wala behewa jipya si hirizi. Juni 2023, huko Balasore, treni yenye mabehewa ya LHB ilielekezwa kimakosa kwenye njia iliyokuwa na treni ya mizigo, na zaidi ya watu 290 wakapoteza maisha. Behewa ni ngao ya mwisho tu. Ngao ya kwanza ni ishara, njia na watu makini.

Kiwanda kile cha Perambur hakikufa pamoja na behewa lake. Mwaka 2018 kilitoa treni ya kwanza ya aina ya Vande Bharat, iliyoanza kubeba abiria Februari 2019. Mchoro wa Mswisi ulizeeka, lakini ufundi ulibaki mikononi mwa wenyewe. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, nchi zetu zinaponunua mabehewa, tusiishie kuuliza bei na mwendo kasi. Tuulize pia ni nani atakayefundishwa kuyaunda, na ni nani mwenye mamlaka ya kusema, kabla ya msiba, kwamba sasa yametosha.