Fahamu: Dakika za nyongeza kwa mtahiniwa asiyeona

Ukitoka Buhongwa, jijini Mwanza, kwa barabara ya Shinyanga unafika Misungwi, iliko Shule ya Msingi Mitindo, wanakosoma watoto wenye ualbino na wasioona. Wakifika darasa la saba hufanya mtihani wa taifa kama wenzao nchi nzima. Kinachobadilika ni njia ya kuyafikia maswali.

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huandaa karatasi za nukta nundu kwa wasioona, na za maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino. Kisha kuna muda: dakika 20 za ziada kwa kila saa ya Hisabati, na 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Hisabati ya saa mbili, basi, inaongezewa dakika 40.

Hiyo ni haki. Kidole hupapasa nukta herufi kwa herufi. Hesabu ndefu haipitiwi kwa kuitupia jicho. Msimamizi anayekusanya karatasi mapema anampokonya mtoto maksi alizostahili. Mzazi naye aulize shuleni mapema, wakati wa usajili: mwanangu ameandikishwa kuwa mwenye mahitaji maalumu?